SHAHIDI ASIYEFIKA: DENI HILI NI LA NANI?

Limeletwa mbele yetu suala lionekanalo dogo, na undani wake ni mkubwa. Mtu ameona kwa macho yake jambo la jinai. Ameandikisha maneno yake kwa polisi, kisha akaletewa samansi aende kortini siku fulani, saa fulani. Siku ikafika, naye hakwenda. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwisho ikaanguka. Je, mtu huyu ametenda dhambi, au ametumia busara? Na ikiwa ipo dhambi, ni yake peke yake, au wako wengine walioshirikiana naye?

Majibu yanayosikika barazani ni mengi. Mmoja husema: "Hayanihusu, mimi si mwenye kuiba wala si mwenye kuibiwa." Wa pili husema: "Nimemsitiri mwenzangu." Wa tatu husema: "Naogopa. Askari watarudi kwao jioni, nami nitabaki na jirani zangu." Wa nne husema: "Nalikwenda mara tatu, kila mara nikaambiwa nirudi mwezi ujao. Nauli yangu nani atanilipa?" Majibu haya hayako sawa. Mengine ni udhuru wa kweli, na mengine ni visingizio vilivyovishwa nguo ya udhuru. Yatupasa tuyapambanue.

Mifano yetu tutaitoa Nakuru na sehemu za katikati ya Bonde la Ufa, ijapokuwa wengi katika wasomaji wetu ni watu wa pwani. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, huko mambo haya yametokea waziwazi, yakaandikwa katika hukumu na magazeti, hata hapana haja ya kumfedhehesha jirani yeyote wa mtaani kwetu. Pili, Nakuru kwetu si ugenini. Tangu reli ilipofika huko mwaka 1900, watu wa pwani wamekwenda kutafuta kazi na biashara, na jina la mtaa wa Bondeni si geni masikioni mwa wasafiri wetu. Msiba wa huko umetugusa, na somo lake ni letu pia.

MAJI YA SOLAI

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika msimu wa mvua kubwa, bwawa moja lililokuwa ndani ya shamba kubwa huko Solai, kaskazini ya mji wa Nakuru, lilipasuka. Maji yakashuka kwa ghafula juu ya watu waliokuwa majumbani mwao. Vijiji vya Nyakinyua na Energy vikasombwa. Waliokufa hawakupungua watu 47, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule watu 9 walishitakiwa katika korti ya Naivasha kwa kuua bila ya kukusudia. Wote walikana. Kisha ikapita karibu miezi 19 ya kuahirisha na kungojea. Tarehe 3 Februari 2020 hakimu akawaachilia washitakiwa wote, akasema kwamba upande wa mashitaka umeonyesha kuwa hauko tayari kuiendesha kesi. Mwaka huo huo Mahkama Kuu, ikiketi Naivasha, ikaifuta amri ile na kuamuru kesi isikizwe upya.

Sisi hatusemi kwamba waliokuwa wameshitakiwa walikuwa na hatia. Hilo ni la jaji, na mtu hana hatia mpaka ithibitike. Tunalolisema ni hili: msiba wa Solai haukuwa siri. Watu waliookoka walikuwapo. Maiti walihesabiwa na kuzikwa mchana. Bwawa lilionekana na kila mtu, kabla ya kupasuka na baada yake. Kilichokosekana si watu wenye kujua, bali ni ushahidi wao kuletwa mbele ya hakimu kwa wakati wake na kwa utaratibu wake.

Basi hapa pana jambo la kwanza la kulikumbuka katika maudhui yetu. Tukisikia kwamba kesi imeanguka kwa kukosa ushahidi, haraka yetu huwa ni kumlaumu shahidi. Lakini kizimba cha mashahidi chaweza kuwa kitupu kwa sababu aliyeitwa hakuja, au kwa sababu aliyepaswa kuita hakuita, au kwa sababu aliyekuja alirudishwa mara nyingi hata akachoka. Wote watatu huleta matokeo mamoja mbele ya hakimu, lakini hawana lawama moja.

SHERIA YA NCHI YASEMAJE

Wengi hawajui ni nini hasa hufuata shahidi asipofika, nao hudhani kwamba ni jambo la kupoteza siku moja tu. Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Mashitaka ya Jinai imepanga mambo haya kwa daraja.

Daraja ya kwanza ni samansi. Shahidi akiipata asiende, wala asiwe na udhuru unaokubalika, korti yaweza kutoa waranti akamatwe na kuletwa, na yaweza kumtoza faini. Daraja ya pili ni kuahirisha. Mwendesha mashitaka huomba siku nyingine, na hakimu hutazama sababu. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, imempa mshitakiwa haki ya kusikizwa na kumalizwa kesi yake bila ya kucheleweshwa kusiko na sababu. Kwa hivyo kuahirisha kuna mwisho.

Daraja ya tatu ndiyo yenye uzito. Mwendesha mashitaka aweza kuiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a), na hapo mshitakiwa huachiliwa, lakini aweza kushitakiwa tena kwa jambo lile lile. Au mlalamikaji asipohudhuria siku ya kusikizwa, hakimu kwa kifungu cha 202 aweza kumwachilia mshitakiwa kabisa. Au upande wa mashitaka ukifunga ushahidi wake nao haukuthibitisha lolote la kumfanya mshitakiwa ajitetee, kifungu cha 210 chamtaka hakimu aamue kwamba hana hatia. Mtu aliyeamuliwa hivyo hashitakiwi tena kwa kosa lile, isipokuwa amri ile ifutwe kwa rufani. Tazama basi tofauti iliyoko kati ya mlango uliorudishwa na mlango uliotiwa kufuli. Na mara nyingi kinachoamua ni upi utakaofungwa ni kufika au kutofika kwa mtu mmoja.

Tena iko kanuni kongwe ya Mahkama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Bukenya na wenzake dhidi ya Uganda, ya mwaka 1972. Majaji walisema kwamba ni wajibu wa upande wa mashitaka kuwaleta mashahidi wote wanaohitajika ili ukweli ujulikane, hata kama maneno yao yatapingana. Na ikiwa ushahidi ulioletwa ni haba, na mashahidi muhimu wameachwa nyuma, korti yaweza kuchukua kwamba maneno ya wale walioachwa yangekuwa dhidi ya upande wa mashitaka. Kanuni hii ni ya haki. Yamzuia mwenye nguvu asichague mashahidi wanaompendeza na kuwaficha wengine.

MADHARA YAWAFIKIA WATATU

Twaona watu wengi wakidhani kwamba shahidi akikosa kufika, anayedhurika ni mlalamikaji tu. La, wanaodhurika ni watatu.

Wa kwanza ni aliyedhulumiwa, au warithi wake. Huyu madhara yake yajulikana, wala hatuna haja ya kuyarefusha. Alizika, akangojea, akapanda gari mara nyingi kwenda kortini, mwisho akaambiwa kesi imekwisha bila ya mtu kumwambia nini kilitokea.

Wa pili ni mshitakiwa mwenyewe, na huyu husahauliwa. Ikiwa hakupewa dhamana, au amepewa na hana uwezo wa kuitimiza, yeye hukaa rumande mwezi baada ya mwezi kwa kuwa shahidi hakufika. Na ikiwa hakutenda kosa, kesi ikianguka hutoka na doa. Watu husema: "Aliponyoka kwa kuwa mashahidi hawakuja," wala hawasemi: "Alitakaswa." Tena mashahidi si wa upande wa mashitaka peke yao. Mshitakiwa pia huwa na mashahidi wake. Yule aliyekuwa pamoja naye dukani saa ile ile iliyotajwa, asipokwenda kusema hivyo, aweza kumfungisha mtu asiye na kosa. Anayesema "hayanihusu" na ajiulize: lau angekuwa yeye ndiye aliyesimamishwa kizimbani, na mtu mmoja tu ndiye anayejua kwamba hakuwapo, angependa mtu yule aseme neno hilo?

Wa tatu ni mji. Kesi ikianguka kwa njia hii, mambo hayaishi. Hutoka kortini yakarudi mitaani. Mwenye uchungu hutafuta haki kwa mkono wake. Mwenye nguvu hujifunza kwamba ni rahisi zaidi kumtisha shahidi kuliko kujibu shitaka. Na watoto wetu hujifunza kwamba mwerevu ni yule asiyeona kitu.

NAKURU, NAIVASHA NA THE HAGUE

Jambo hili la tatu, Bonde la Ufa limelionja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, fujo zilizofuata ziliua watu 1,133 katika nchi nzima, kwa hesabu ya Tume ya Waki, na 744 katika hao walikufa katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu wamo ndani. Mwishoni mwa mwezi huo huo zamu ikawa ya Nakuru na Naivasha. Watu wakatolewa majumbani na kuuawa kwa ajili ya makabila yao.

Kesi ya Kiambaa ilisikizwa katika Mahkama Kuu ya Nakuru. Katika kesi hiyo mashahidi walifika, wakasema yaliyowapata. Lakini Aprili 2009 Jaji David Maraga aliwaachilia washitakiwa wote wanne, kwa kuwa ushahidi haukuthibitisha kwamba wao ndio waliotenda, naye akaulaumu uchunguzi wa polisi. Tumeitaja kesi hii ili mtu asidhani kwamba kufika kwa shahidi ni dawa ya kila kitu. Shahidi atimiza sehemu yake. Mchunguzi naye yampasa atimize yake.

Ama mashitaka yaliyohusu vifo vya Nakuru na Naivasha, hayo yalipelekwa mbele ya Mahkama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, Uholanzi. Mwezi wa Machi 2013 mwendesha mashitaka aliyaondoa mashitaka dhidi ya Bwana Francis Muthaura. Katika sababu alizozitaja ni kwamba baadhi ya watu ambao wangetoa ushahidi wamekufa, wengine wanaogopa, na shahidi mmoja aliyetegemewa sana ameyageuza maneno yake. Tarehe 5 Desemba 2014 yakaondolewa pia mashitaka dhidi ya Bwana Uhuru Kenyatta, ambaye wakati ule alikuwa Rais wa nchi. Wote wawili walikuwa wamekana tangu mwanzo.

Kesi nyingine, ya upande wa Eldoret na Nandi, dhidi ya Bwana William Ruto, ambaye wakati ule alikuwa Naibu wa Rais, na mtangazaji wa redio Bwana Joshua Sang, ilianza kusikizwa tarehe 10 Septemba 2013. Nao pia walikana. Mashahidi kadhaa wakajitoa. Aprili 2014 majaji wakaamua kwamba wanayo mamlaka ya kuwalazimisha mashahidi walioko Kenya wafike kusema, na uamuzi huo ukathibitishwa na majaji wa rufani mwezi wa Oktoba. Baadhi yao walipofika waliyakana maneno waliyoyaandikisha zamani. Upande wa mashitaka ukaomba maandishi yale ya zamani yapokewe mahali pa mashahidi, na mwaka 2015 majaji wa kesi wakakubali. Lakini Februari 2016 majaji wa rufani wakakataa, kwa sababu kanuni iliyotumiwa ilirekebishwa baada ya kesi kuanza, na si haki kumbadilishia mshitakiwa kanuni katikati ya safari.

Tarehe 5 Aprili 2016 kesi ikakomeshwa kwa rai za majaji wawili dhidi ya mmoja. Jaji mmoja katika wale wawili alieleza kwamba mashahidi wameingiliwa na siasa imejitia ndani, hivyo kesi ile ihesabiwe kuwa imeharibika. Washitakiwa wakaachiliwa, na mlango wa kushitakiwa upya ukaachwa haukufungwa. Basi tazama mwisho wake: wafiwa hawakupata hukumu, na walioshitakiwa hawakupata neno la kuwatakasa. Na katika siku zile zile, mwisho wa Desemba 2014, mtu mmoja wa upande huo wa Eldoret, ambaye upande wa utetezi ulimtaja kuwa ni shahidi wao, alitoweka; mwaka 2015 maiti iliyopatikana Tsavo ikatambuliwa kuwa ni yake. Kwa hivyo anayesema "naogopa" tusimcheke. Khofu hiyo ina makaburi.

DINI YAMTAKA SHAHIDI NINI

Sasa turudi kwenye suala letu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ile aya ndefu ya deni, Mwenyezi Mungu amewakataza mashahidi wasikatae waitwapo. Katika aya inayofuata amekataza kuuficha ushahidi, na akaeleza kwamba mwenye kuuficha moyo wake una dhambi. Wanachuoni wamesema kwamba kutoa ushahidi ni faradhi ya kutoshelezana: wakisimama wa kutosha, wengine hupumzika. Lakini ikiwa hapana mwingine ajuaye, faradhi hiyo humshukia yule mmoja peke yake, kama vile mtu mmoja tu ajuaye kuogelea amwonapo mtoto akizama.

Basi huyu asemaye "hayanihusu" tumekwisha mjibu. Yalimhusu tangu siku ile alipoona.

Lakini wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakumtwika shahidi mzigo usio na mpaka. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachojulikana sana na wanafunzi wa pwani, imewekwa sharti kwamba aitwe kutoka masafa ya karibu, yaani mahali ambapo mtu akitoka asubuhi aweza kurejea kwake siku ile ile. Na kwamba asiwe na udhuru, kama maradhi na mfano wake. Hebu pima hukumu hii kwa mambo ya leo. Mtu wa Solai aliyeitwa Naivasha yampasa aje mpaka mjini Nakuru, kisha aendelee mbele zaidi ya kilomita 60. Kwa gari yawezekana kwenda na kurudi kwa siku moja, kwa hivyo masafa si udhuru. Lakini nauli na kibarua cha siku ile ni mzigo wa kweli kwa mtu maskini, khasa akirudishwa mara nne bila ya kusikizwa. Anayemwita yampasa aufikirie mzigo huo.

Tena yako maneno katika aya ile ile ambayo watu huyapita upesi. Baada ya kumwamrisha shahidi asikatae, Mwenyezi Mungu amekataza pia kwamba mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Amri mbili hizi zimewekwa ndani ya aya moja. Anayeishika ya kwanza na kuiacha ya pili amechukua nusu ya hukumu na kuitupa nusu. Serikali inayomtumia mtu samansi na waranti, kisha ikamwacha alale peke yake usiku ule jina lake lilipotajwa, imedai deni lake na kukataa kulipa deni la wenzake.

Na hili ndilo jibu letu la suala lililotajwa mwanzo: ushahidi ni deni la pande mbili. Shahidi adaiwa neno lake. Jamaa, mji na dola zadaiwa usalama wake. Upande mmoja ukivunja, upande wa pili haupati rukhsa ya kunyamaza moja kwa moja, bali wapata haki ya kudai kwa sauti.

HOJA ZA WANAOPINGA

Huenda mtu akasema: "Si tumefundishwa kumsitiri Mwislamu mwenzetu?" Twamjibu: Naam, tumefundishwa, na kusitiri kuna fadhila kubwa. Lakini kusitiri ni katika kosa lililoko baina ya mja na Mola wake. Ama aliyeua, aliyepora, au aliyemharibu mtoto wa mtu, hapo pana haki ya mwanadamu mwingine, na wewe huna mali ya kumsamehe mtu kwa haki isiyo yako. Ukimsitiri dhalimu umemvua nguo aliyedhulumiwa.

Mwingine atasema: "Wazee wamekwisha kutupatanisha." Twasema: Suluhu ni kheri, na sheria ya nchi yenyewe yairuhusu katika mambo madogo ya ugomvi. Hata katika jambo kubwa la mauaji, mwaka 2013 Mahkama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi iondolewe baada ya jamaa wa marehemu kupokea fidia kwa mila na dini zao. Uamuzi ule umejadiliwa sana na wanasheria, na wengi hawakukubaliana nao. Lakini angalia: katika kesi ile wenye haki ndio waliojitokeza, na jambo likasemwa waziwazi mbele ya jaji, naye akalipima. Tunalolikemea sisi ni suluhu ya gizani, ambayo shahidi hupewa bahasha, na mjane wa marehemu hana khabari. Hiyo si suluhu, ni rushwa.

Wa tatu atasema: "Korti hizi si za sharia, kwa hivyo sina wajibu nazo." Huyu na aisome upya Sura ya Yusuf. Nabii Yusuf alisingiziwa ndani ya nyumba ya mkubwa wa Misri, mahali pasipokuwa na kadhi wala msikiti. Akasimama shahidi, naye ni katika jamaa za yule mwanamke aliyemsingizia, akawaonyesha kwamba kanzu iliyopasuka mbele ina maana moja, na iliyopasuka nyuma ina maana nyingine. Kwa neno lake ukweli ukajulikana. Shahidi yule hakungoja mahkama impendeze, na hakuutazama udugu. Na twazingatie tena: Yusuf alifungwa baada ya hayo yote, kwa kuwa wakubwa walipenda kuficha aibu yao. Lakini lawama ya kufungwa kwake haimfikii shahidi, kwani shahidi alikwisha sema.

Wa nne ni mwenye khofu. Huyu hatumkemei. Twasema kwamba khofu ya kweli, yenye dalili, ni udhuru. Na mtu hakalifishwi kuingia katika maangamizi. Lakini udhuru una adabu yake. Mgonjwa asiyeweza kusimama katika sala hasali kwa kusimama, ila pia haiachi sala. Huisali kwa kukaa. Vivyo hivyo mwenye khofu asinyamaze akajificha shamba. Na aende, au ampeleke mtu wake, akaseme: "Ninalo neno, nami nimetishwa, na aliyenitisha ni fulani." Kenya imetunga Sheria ya Kuwalinda Mashahidi tangu mwaka 2006, na kuna shirika maalumu la serikali lililowekwa kwa kazi hiyo. Korti nayo yaweza, ikiombwa, kulificha jina la shahidi au kumsikiliza mahali pasipo watu wengi. Milango hii haitoshi, wala hatudai kwamba hapana aliyebisha asifunguliwe. Lakini asiyebisha hana hoja. Akibisha asifunguliwe, yeye ametoka katika lawama, na lawama imewahamia walioketi ndani.

YANAYOTUPASA

Maneno bila ya vitendo ni upepo. Basi twawausia ndugu zetu mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kila mtu.

Mwenye kupata samansi na aende, na akienda asiseme ila alilolijua. Asizidishe kwa kumwonea huruma mfiwa, wala asipunguze kwa kumhurumia mshitakiwa. Akiwa mgonjwa au yuko safarini, apeleke khabari mapema, ili siku ya watu wengi isipotee bure.

Tajiri mwenye duka au mashua, mtumishi wake akiitwa kortini, ampe ruhusa asimkate ujira. Hiyo pia ni sehemu ya ushahidi, na thawabu zake si ndogo.

Majirani wasimwache shahidi aende peke yake. Watu watano wakifuatana naye, wakaketi nyuma ya korti kimya na kwa adabu, mwenye kutaka kumtisha ataona kwamba atalazimika kuutisha mtaa mzima. Khofu hupata nguvu kwa mtu mmoja, na hupungua kwa kugawanywa.

Wazee wa mtaa wasikubali kuwa madalali wa bahasha. Mwenye kutaka suluhu na apelekwe kwa wenye haki, na jambo lisemwe mbele ya hakimu.

Na wenye mamlaka, waendesha mashitaka na makarani wa korti, wajue kwamba kila wanapomrudisha shahidi nyumbani bila ya kumsikiliza, wamemfundisha asije mara ya pili. Samansi ni ahadi pia. Mtu aliyeambiwa aje saa 3 za asubuhi, akakaa mpaka saa 9, kisha akaambiwa faili haionekani, yeye alifika; serikali ndiyo ambayo haikufika.

Mwisho twasema: yule muulizaji wetu alitaka kujua kama shahidi asiyefika ana dhambi. Jibu ni kwamba aliyenyamaza bila ya udhuru ana dhambi ya kuficha. Aliyemtisha au kumhonga ana dhambi yake, na juu yake dhambi ya yule aliyemnyamazisha. Aliyepaswa kumwita akazembea, na aliyepaswa kumlinda akalala, hao nao watasimama kujibu. Na mtaa uliojua kwamba mtu wao yu katika khofu, ukafunga madirisha, usijihesabu kuwa haumo. Korti ya dunia yaweza kufunga faili kwa kukosa mashahidi. Iko mahkama nyingine ambayo huko mikono na miguu hutoa ushahidi, na hapana atakayekosa kufika.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kusema kweli tunapoitwa, na kumlinda anayeisema.